Gauni Kwenye Kamba

Mume wangu hakuwahi kusema picha imekwisha. Alisema imekauka. Mteja alisimama mlangoni akauliza, "Fundi, kazi yangu tayari?" naye, bila kugeuza shingo, akajibu, "Imekauka, chukua," au, "Bado mbichi, nenda zako." Nilipoolewa naye nilidhani ni maringo. Kila fundi ana la kwake: mshonaji hakwambii ukweli kuhusu siku ya kuchukua nguo, seremala lazima akulalamikie mbao za siku hizi, na huyu wangu wa kuchora mandhari haamini kwamba kitu kinaweza kwisha. Nikamcheka, nikamzoea, mwishowe nikawa nasema hivyo hivyo na mimi.

Mtaani walimwita Bwana Mawingu. Alichora milima, mabonde, mito na mashamba ya watu, na juu yake akatandaza mbingu yenye mawingu mazito mpaka mtu anachungulia nje kuona kama anahitaji mwavuli. Picha zake ziko kwa kinyozi, kwenye mapokezi ya nyumba za wageni, kwenye vyumba vya kungojea vya madaktari, na kwenye ofisi za watu ambao hawajakanyaga tope tangu utoto. Kijani cha kwenye tyubu hakukigusa. "Hicho ni kijani cha mlango wa duka," alisema. Chake alikichanganya mwenyewe, bluu na njano, halafu tone la nyekundu ili kisipige kelele. Alichanganyia wapi? Kwenye sahani zangu za bati, zile za harusi. Moja baada ya nyingine zilihama jikoni zikaenda kwake, na hakuna hata moja iliyorudi ikiwa sahani. Wapo wanaosema kuishi na msanii ni raha. Waje waoshe vyombo.

Watu hakuwachora. Mteja akimwomba aweke japo mtu mmoja njiani, alikataa katakata. "Mtu akiingia kwenye picha kila jicho linamkimbilia yeye. Mlima unabaki umesimama bure." Mwingine akasema, haya, weka ng'ombe basi. Mume wangu akamjibu kwa adabu kabisa kwamba ng'ombe wamepelekwa kunywa maji, arudi baadaye.

Lakini sharti lake kubwa lilikuwa moja: rangi mbichi haiguswi. Rangi za mafuta hukauka kwa hiari yake, si kwa haraka yako. Ukitia rangi juu ya rangi ambayo bado mbichi, unapata tope, na tope halina dawa. Kupima, unagusa pembeni kwa mgongo wa kidole cha mwisho, polepole, kisha unakitazama kidole. Na picha ikiwa mbichi yeye mwenyewe aliizunguka akiwa ameifungia mikono yake mgongoni, kiganja kimeshika kiganja, ili isimsaliti. Nilimwona hivyo miaka nenda rudi. Ukimkuta kasimama mikono nyuma, ujue mbele yake kuna kitu kibichi.

Sharti la kutochora watu alilivunja mara moja tu, na hata hapo alilivunja nusu.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu siku alipojua kusema hakunyamaza tena, hata akiwa na tonge mdomoni. Alikuwa anakaa chini ya miguu ya baba yake wakati wa kazi akimpa amri. "Baba, wingu lile limenuna." "Baba, mto huu unakwenda wapi? Mbona unaishia kwenye fremu?" Na baba mtu, ambaye hakukubali ushauri wa mtu yeyote mwenye ndevu, aliinua brashi akaliondolea wingu mnuno.

Alikuwa karibu kuanza shule. Tulipanga kumpeleka studio apigwe picha, maana tulikuwa hatujawahi. Nyumba imejaa picha, lakini ya mtoto hakuna. Nikafua gauni lake la njano, nikalianika nyuma ya nyumba, kwenye kamba iliyotoka kwenye mpera hadi kwenye nguzo. Mchana wake homa ikampanda. Tukambeba mbio hospitali. Tukarudi bila yeye.

Gauni hatukulikuta. Labda upepo, labda mkono wa mtu, sikuuliza na mpaka leo sitaki kujua. Ndiyo kusema hatuna kitu. Sura yake iko kichwani mwangu na ilikuwa kichwani mwa baba yake, basi.

Na jina lilikwenda vilevile. Zamani nilikuwa Mama Chiriku kwa kila mtu, kuanzia muuza mkaa hadi mama mkwe. Baada ya msiba watu wakaliacha taratibu, kwa huruma, wakidhani wananipunguzia. Nikawa "mama" tu, kama mama yeyote anayepita barabarani. Mume wangu pia akaliacha. Sikuwahi kumwambia kwamba hilo liliniuma.

Alikaa muda mrefu bila kushika brashi. Kisha asubuhi moja akasimamisha turubai la kuchorea nyuma ya nyumba, akaanza. Sikusogea. Ilipokauka akaniita. Nikaona mgongo wa nyumba yetu, mpera, bonde, kilima kile chenye nundu mbili na wingu kubwa jeusi likija kutoka nyuma yake. Na kamba. Kamba imelegea katikati kwa uzito wa nguo iliyoloa, na kwenye kamba, dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, gauni la njano.

Nililia mpaka kifua kikauma, yeye akaenda kuosha brashi.

Picha hiyo haikuuzwa. Tulihama nyumba ile, nayo ilisafiri mapajani mwangu, vyombo vikafuata nyuma. Nyumba yenyewe ilibomolewa, mpera ukakatwa. Picha ikatundikwa sebuleni, na kila asubuhi nikipita na ufagio nainua macho. Siongei nayo, sijafika huko. Natazama tu kama gauni lipo. Likiwepo, naendelea kufagia.

Basi, mzee wangu akaanza kusahau.

Mwanzo ilikuwa vichekesho. Tulikwenda kwa daktari wa meno, na chumba cha kungojea kilikuwa na picha yake, mashamba ya mpunga. Akaitazama kwa muda, kisha akapanda juu ya benchi na viatu vyake, akalowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kulisugua wingu. "Limekaa vibaya hili," akawaambia wagonjwa, "aliyechora hana haya." Watu wenye mashavu yaliyovimba wakacheka huku wanaugulia. Na mimi nikacheka. Halafu tulipofika nyumbani akaniuliza, "Yule mchoraji wa pale kwa daktari, unamfahamu?" Kicheko kikanikauka.

Tukazunguka hospitali. Wakatwambia ni maradhi ya kusahau, na kwamba hayarudi nyuma. Daktari mmoja kijana, mpole, alisema, "Mama, mwache achore. Mikono yake inakumbuka kuliko yeye." Nilimshukuru. Sikujua ananitia kwenye balaa gani.

Maana mikono ilikumbuka kuchora, lakini haikukumbuka kuacha. Kila picha iliyokauka machoni pake ilikuwa kazi inayomngoja. Aliitoa ukutani ile ya mto, nzuri ajabu, akaongeza mti. Kesho yake akaongeza mwingine. Mara kukawa msitu, mara usiku ukaingia, mwishowe lilikuwa tope tupu la rangi ya kijivu, naye amelikumbatia na kusema, "Hapa sasa." Nyingine nikazificha uvunguni, nyingine kwa jirani. Nilipomfichia brashi alichora ukutani kwa mkaa na masalio ya chai, huku analia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake. Nikamrudishia. Mtu na kazi yake, ningemfanyaje?

Ile ya sebuleni niliitoa siku moja tu. Alisimama mbele ya msumari mtupu akapapasa ukuta. "Nani ameziba dirisha?" akauliza. Akapapasa tena, huku na huku, kwa viganja vyote viwili. Hakula siku ile. Nikaitoa ilikokuwa imefichwa, nikaitundika, akatulia, na mimi nikabaki na roho juu. Angeharibu zote, ningesikitika kama watu wanavyosikitika. Lakini hii, na ule ukucha mmoja wa njano, ndiyo mwanangu. Nyingine sina.

Na kweli, asubuhi moja natoka jikoni namkuta mbele yake, brashi imejaa kijani mpaka inachuruzika. "Bonde hili limelala mno," anasema, mkono unanyanyuka.

Nilipiga ukelele kabla sijafikiri. "Bado mbichi!"

Mikono yake ikarudi nyuma yenyewe. Brashi na yote. Rangi ikamharibia kanzu yake nyeupe, lakini mikono ikarudi nyuma, kiganja kikashika kiganja, akasimama kwa heshima. "Samahani," akasema, "sikujua."

Tangu hapo nikawa mwongo wa kila siku. Alikuja mbele ya picha, akauliza, "Imekauka?" nami nikatoka nilikokuwa, mikono ina unga, mikono ina sabuni, nikagusa pembeni kwa kidole cha mwisho, nikakitazama kidole kwa makini kama mwigizaji, nikasema, "Bado mbichi, mzee wangu." Naye akashusha pumzi. "Mwaka huu kuna unyevunyevu," alikuwa anasema. Au, "Mafuta nilizidisha." Akaenda zake kuhangaika na ubao niliompa wa kuchezea. Tukaishi hivyo. Si maisha mabaya sana ukiyazoea.

Wifi yangu hakuyazoea. Ni dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi mstaafu, na mdomo wake hauna breki. Alikuja kukaa na sisi kunisaidia, na kusema kweli alinisaidia, alimwogesha kaka yake, akamkata kucha, akamchekesha. Ila jambo hilo lilimkera.

"Wifi, unamfuga kaka yangu kwa uongo," aliniambia.

"Na wewe ukiugua nitakufuga kwa uongo mzito zaidi. Nitakwambia wewe ni mrembo."

"Mimi wagonjwa nimewauguza kwa ukweli maisha yangu yote."

"Ndiyo maana walikuwa wanapona haraka, wakukimbie."

Tulicheka. Tulikuwa tunaweza kucheka. Hakujua, kwa sababu sikuwahi kumwonyesha, kile kidoa cha njano ni kitu gani. Wakati wa msiba alikuwa kazini mbali, na baadaye si jambo unalomfuata mtu nalo jikoni ukamwambia. Aliona picha ya bonde. Kila mtu aliona picha ya bonde.

Dawa za mzee zilipokwisha ilibidi niende hospitali kuzifuata, na foleni ya pale unaijua. Nikamwachia wifi maagizo: chai bila sukari, mlango ufungwe asitoke, na akiuliza habari ya picha mwambie bado mbichi. "Nimesikia," akasema. Kusikia alisikia.

Niliporudi, harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi ilinipokea getini. Harufu ile ndani ya nyumba yangu ni ya kawaida, naijua kuliko harufu ya vitunguu. Lakini ilikuwa inatoka sebuleni. Nikaacha mfuko wa dawa palepale kibarazani.

Msumari ulikuwa mtupu. Picha ilikuwa juu ya meza, imelazwa, na mume wangu ameinama juu yake, anaosha brashi kwenye kopo kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi yake akaridhika. Wifi alikuwa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Ameniuliza, ameniuliza, ameniuliza," wifi akaanza, hata sijamwambia kitu. "Nikachoka. Nikaigusa, nikamwambia, kaka, imekauka. Si imekauka, wifi? Kavu kabisa. Nilidhani nikimwambia mara moja atatulia. Akasema, 'Afadhali,' akaenda kuchukua kisu na brashi. Ni kitu kidogo tu amegusa, pale katikati..."

Niliangalia. Kamba ilikuwa tupu.

Sijui nilisema nini. Najua nilipiga kelele, na jirani aliniambia baadaye alitoka nje. Nilimshika mume wangu mabega, mtu mzima, mgonjwa, nikamtikisa. "Umeifanya nini? Umeifanya nini? Ilikuwa ni hiyo tu! Nilikuwa nayo hiyo tu!"

Akanitazama. Kwa miezi alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi. Safari hii alinitazama kama mume anavyomtazama mkewe akiwa amezidi.

"Mama Chiriku," akasema, "mbona kelele? Utamwamsha."

Nikakaa chini, sakafuni, hapo hapo.

"Nguo imekauka," akaendelea, kwa sauti ya chini. "Dada kaigusa mwenyewe, kasema imekauka. Na wewe huioni mvua ile?" Akanionyesha wingu, lile jeusi nyuma ya kilima, alilolichora kwa mkono wake, ambalo limekuwa likija miaka yote hiyo. "Ungeiacha inyeshewe? Nimeianua."

Picha imekauka, nguo imekauka, neno ni moja. Wifi alisema la picha, yeye akasikia la nguo. Wifi akaziba mdomo kwa kanga yake, na nilimwona anaelewa, taratibu, kidogo kidogo, halafu akainuka akaenda jikoni na sikumsikia tena.

"Umeiweka wapi?" nikamuuliza.

"Ndani, kitandani. Nimeikunja." Akafuta brashi kwa kitambaa. "Kesho si anakwenda kupigwa picha?"

Nikasema, "Ndiyo. Kesho." Nikasema, "Umefanya vizuri kuianua." Akaitikia kwa kichwa, kwamba hilo analijua.

Nikaenda chumbani. Kitandani kulikuwa na kipande cha gazeti, kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, kama unavyokunja nguo ya mtoto. Nikakifungua. Ndani kulikuwa na chembe za rangi ya njano, kavu, kidogo kuliko chumvi ya kutia kwenye yai. Alikuwa amelikwangua gauni kwa kisu kwanza, kama fundi anavyotakiwa, rangi mpya isije ikaacha kivimbe. Na hakuzitupa. Nikakaa na karatasi ile mapajani, nikaogopa hata kupumua juu yake. Kisha nikaikunja kwa mikunjo ileile aliyoikunja yeye, nikaiweka kabatini, katikati ya nguo.

Nilipotoka alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikaisogelea picha nipate kuiona vizuri, na nitasema ukweli, nilitaka kuona alivyoiharibu, nipate kukasirika tena. Hasira ingenisaidia. Lakini hakuwa ameiharibu. Kile kijani alichotia mahali pa gauni kilikuwa kijani kilekile cha zamani, na tone lake la nyekundu, hujui kipi kipya, kipi cha zamani. Na kamba haikuwa imelegea tena. Alikuwa ameichora upya, imepanda katikati, imenyooka, kama kamba inavyofanya ukishaitoa nguo. Juu yake ameacha vibanio viwili. Mtu ambaye hakumbuki kama amekula asubuhi.

Nililia tena, ila si kile kilio cha mwanzo. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye ninayelinda gauni lile kwenye kamba. Kumbe na yeye lilikuwa linamhangaisha. Kila alipopita pale, aliona mvua inakuja na hakuna aliyeanua.

Wifi alikuja akakaa karibu yangu sakafuni, magoti yake yanalia. Hakuomba msamaha kwa mdomo, na kwa mtu kama yeye kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuomba msamaha. Tukainua picha pamoja, kila mmoja upande wake, tusiguse katikati, tukairudisha kwenye msumari.

Asubuhi nikapita na ufagio. Nikainua macho, mazoea hayana akili, nikakuta kamba tupu. Nikasimama tu. Mara nikasikia kandambili zake zinaburuta nyuma yangu. Akaja akasimama ubavuni mwangu, akaitazama picha kwa muda mrefu. Mama Chiriku alikuwa amekwisha kwenda tena, niliona machoni. Nilikuwa mwanamke tu mwenye ufagio.

"Imekauka?" akauliza.

Nikanyoosha kidole cha mwisho, nikagusa, si pembeni kama siku zote, nikagusa palepale, chini ya kamba, gauni lilipokuwa. Kidole kilirudi na kijani.

"Bado mbichi, mzee wangu," nikamwambia, nikamwonyesha, na siku hiyo sikuwa nimemdanganya.

Akakitazama kidole changu kwa makini. Kisha akaifunga mikono yake mgongoni, nami nikaegemeza ufagio ukutani, nikaifunga yangu.

"Basi tungoje," akasema.